Askofu Festo Kivengere, mkimbizi aliyechagua kumsamehe Idi Amin

MWAKA wa 1977, miezi michache baada ya Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, kuuawa mikononi mwa utawala wa Idi Amin, kilitoka kitabu ambacho jalada lake lilitangaza kwamba mwandishi wake anampenda Idi Amin. Mwandishi huyo hakuwa kibaraka wa serikali ya Kampala. Alikuwa Askofu Festo Kivengere wa Dayosisi ya Kigezi, mtu aliyeponea chupuchupu kuuawa na askari wa Amin, na ambaye wakati huo alikuwa mkimbizi asiye na makao.

Jina la kitabu hicho liliwashangaza wengi, na haikosi liliwaudhi wengine. Kulikuwa na wajane na mayatima wa Uganda waliotapakaa kuanzia Nairobi hadi London, na makadirio ya watu waliouawa katika miaka minane ya utawala wa Amin yanafika hadi 300,000. Kumtamkia mtu wa aina hiyo neno upendo hadharani kulihitaji ama upungufu wa akili ama imani iliyokwisha kupitia tanuri. Wanaoyajua maisha ya Kivengere tangu ujana wake wanafahamu kwamba jambo hilo halikuanza na Amin. Lilianza miaka 36 kabla ya hapo, barabarani, juu ya baiskeli.

Kivengere alizaliwa mwaka wa 1919 katika eneo la Rukungiri, Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Watu wake walikuwa Bahororo, jamii ya wafugaji, na utotoni alichunga ng'ombe kama wavulana wengine wa rika lake. Kusoma alijifunzia katika shule ndogo ya kanisa, akaendelea hadi akahitimu ualimu katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono. Aliporudi kwao alikuwa kijana msomi, mwenye mshahara na maringo, ambaye dini aliiona kuwa mambo ya wazee na watoto. Alikunywa pombe, na aliwachukia Wazungu waliotawala nchi yake, hasa mmoja wao.

Wakati huo Kigezi ilikuwa ikitikiswa na Uamsho wa Afrika Mashariki. Chimbuko la vuguvugu hilo huhusishwa na urafiki wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, ambao mwaka wa 1929 walikutana Namirembe wakasoma Biblia na kusali pamoja. Kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda moto ulienea Uganda, ukaingia Kenya mwaka wa 1937 na kuvuka hadi Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Tukutendereza ungali unasikika makanisani hadi leo.

Kilichowatofautisha Balokole na Wakristo wengine hakikuwa nyimbo. Walishikilia kwamba mtu hawezi kudai amepatana na Mungu ilhali hajapatana na jirani yake. Waliokuwa wameiba waliirudisha mali. Waume waliwaungamia wake zao. Wamishonari waliwaomba radhi Waafrika waliokuwa wamewadharau, na Waafrika wakawaomba radhi wamishonari waliokuwa wamewasengenya. Waliliita jambo hili kutembea nuruni, na kwa watu wengi wenye heshima zao lilikuwa jambo la kuudhi.

Kivengere alikuwa mmoja wa waliokerwa. Siku moja mwaka wa 1941, mpwa wake alisimama kanisani mbele ya umati na kusema kwamba Bwana amewahakikishia kuwa Festo atarudi kwa Mungu siku hiyo hiyo. Kijana huyo alitoka nje kwa hasira na kwenda kunywa. Alipokuwa njiani akirejea nyumbani, pombe ikiwa bado kichwani, akakutana na rafiki yake akiendesha baiskeli kwa kasi, uso wake ukiwa na furaha isiyo ya kawaida. Rafiki huyo alimweleza kwamba saa chache zilizopita Yesu amekuwa hai kwake. Kisha akamwomba Festo amsamehe kwa mambo matatu aliyokuwa amemkosea, akiyataja moja baada ya jingine.

Mahubiri yalikuwa hayajamtingisha Kivengere, lakini ombi hilo la msamaha lilimvunja. Kwa maelezo yake mwenyewe katika miaka ya baadaye, alifika chumbani kwake akiwa mtupu kabisa, akapiga magoti, akamwona Kristo msalabani kana kwamba anateswa mbele ya macho yake. Aliinuka akiwa mtu mwingine.

Siku hazikupita nyingi kabla ya kudaiwa afanye kama rafiki yake alivyofanya. Yule Mzungu aliyemchukia aliishi mbali, umbali wa takriban maili 50, sawa na kilomita 80. Kivengere alijaribu kujitetea mbele za Mungu kwamba makosa yalikuwa ya Mzungu. Hilo huenda lilikuwa kweli. Hata hivyo alipanda baiskeli akaufuata mlima na bonde hadi nyumbani kwa mtu huyo, akamweleza kwamba amekuwa akimchukia, na kwamba sasa anamhesabu kuwa ndugu. Mzungu huyo alitokwa na machozi, wakakumbatiana. Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa wakati wa ukoloni, na Mwafrika hakuwa na desturi ya kumtembelea bwana mkubwa nyumbani kwake bila kuitwa, sembuse kumwambia kwamba alikuwa akimchukia.

Mwaka wa 1943 alimwoa Mera, mwanamke aliyekuwa naye katika uamsho, na wakajaliwa mabinti wanne. Baadaye familia ilihamia Dodoma, Tanganyika, ambako Kivengere alifundisha kwa miaka mingi na kuhubiri kila alikopata nafasi. Mwaka wa 1959 alizuru Australia kuhubiri pamoja na Mganda mwenzake William Nagenda. Mwaka uliofuata, mhubiri Billy Graham wa Marekani alipozuru Afrika Mashariki, Kivengere alikuwa mmoja wa wakalimani wake. Jina lake lilianza kuvuma.

Ni katika kipindi kama hicho, mtu anapoanza kusifiwa na umati, ambapo nyumba yake huwa hatarini zaidi. Kuna kisa ambacho Kivengere alikisimulia mara nyingi, tena bila kujipendelea. Alikuwa amekosana na mkewe. Maneno makali yalitoka, kila mmoja akanyamaza kwa kiburi chake, na saa ya kwenda kuhubiri ikawa imewadia. Alipokuwa akijitayarisha kuondoka, alihisi Roho Mtakatifu akimtaka arudi kwanza akasali na mkewe. Akajibu moyoni kwamba zimesalia dakika 20 tu, na kwamba atapatana naye akisharudi. Jibu alilolipata ni kwamba ana ruhusa ya kwenda kuhubiri, ila aende peke yake, kwa maana Roho atabaki jikoni na Mera.

Askofu huyo alikuwa akicheka anaposimulia hayo, na wasikilizaji walicheka pia, lakini wengi wao waliondoka mkutanoni wakiwa na kazi ya kufanya nyumbani. Kivengere alirudi jikoni siku hiyo. Alimwomba mkewe radhi, wakasali, ndipo akaenda kuhubiri. Kumsamehe adui aliye mbali, na ambaye huenda hutamwona tena, wakati mwingine ni rahisi kuliko kumtaka radhi mtu ambaye mtaketi naye mezani jioni ile ile, anayezijua udhaifu na hila zako zote. Kivengere alilijua hilo, na ndiyo sababu mahubiri yake kuhusu upatanisho hayakuanzia kwenye siasa za mataifa. Yalianzia kwa mume na mke, mzazi na mtoto, mwalimu na mwalimu mwenzake.

Katika miaka ya 1960 alisomea theolojia mjini Pittsburgh, Marekani, akapewa daraja la ukasisi. Alijiunga pia na shirika la uinjilisti lililoanzishwa na Michael Cassidy wa Afrika Kusini, akawa kiongozi wa tawi la Afrika Mashariki. Kushirikiana huko kwa Mwafrika wa Kigezi na Mzungu wa Afrika Kusini, katika siku ambazo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria nchini humo, kulizungumza peke yake.

Kivengere alitawazwa kuwa Askofu wa Kigezi mwaka wa 1972, makao yake yakiwa Kabale. Amin alikuwa amenyakua mamlaka Januari 25, 1971, na katika mwaka huo huo wa 1972 aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Watu walianza kutoweka. Magari yaliwachukua mchana kweupe, na jamaa hawakuthubutu kuuliza.

Mapema mwaka wa 1973, wanaume watatu wa dayosisi yake walihukumiwa kupigwa risasi hadharani. Askofu alimwendea Amin kumsihi asiwaue, akaambulia patupu. Februari 10, wakazi wa Kabale waliamriwa kufika uwanjani kushuhudia. Kivengere aliomba ruhusa ya kuzungumza na wafungwa hao kabla ya kuuawa, akakubaliwa. Aliwakaribia kutoka nyuma akitafuta la kusema, maana mtu atasema nini kwa walio katika hali hiyo? Walipogeuka aliona nyuso zilizojaa furaha. Mmoja wao alimshukuru, akamweleza kwamba alimpokea Kristo gerezani na amesamehewa, na akamwomba amfikishie mkewe habari hizo. Wengine nao wakainua mikono yao iliyofungwa pingu. Askofu aliyekwenda kuwafariji watu waliokuwa wakifa akajikuta amefarijiwa nao, na badala ya kuwahubiria wao aliwageukia askari akawatafsiria yaliyosemwa. Muda mfupi baadaye milio ya risasi ikasikika.

Desemba 1976 Kivengere alikuwa Nairobi, akiwa miongoni mwa viongozi wa kongamano la Wakristo kutoka pande zote za Afrika. Wajumbe walizungumza mengi kuhusu upatanisho. Miezi miwili haikwisha kabla ya maneno hayo kudaiwa bei yake.

Usiku wa Februari 5, 1977, askari walivamia makao ya Askofu Mkuu Luwum, Namirembe, wakidai wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu walikutana, na katika barua ya Februari 10 wakamweleza Rais waziwazi kuhusu uvamizi huo, mauaji na watu kupotea, na jinsi bunduki iliyopaswa kuwalinda raia ilivyogeuzwa dhidi yao. Kivengere alikuwa mmoja wao. Wanaodhani kwamba kusamehe ni kufumba macho na kumeza maovu kimya hawana budi kuikumbuka barua hiyo. Mtu ambaye baadaye alitangaza kumsamehe Amin ndiye huyo huyo aliyeshiriki kumwambia makosa yake usoni, wakati ambapo kufanya hivyo kuligharimu maisha.

Februari 16, maaskofu waliitwa Kampala pamoja na viongozi wengine na mabalozi. Silaha zilikuwa zimepangwa hadharani, zikasomwa taarifa za kumhusisha Luwum na njama ya kuipindua serikali, na askari waliojaa uwanjani wakapiga kelele wakitaka washukiwa wauawe. Baadaye maaskofu waliambiwa warudi makwao, lakini Luwum akazuiliwa, kwa madai kwamba Rais anataka kuzungumza naye. Kivengere na wenzake walisubiri nje kwa saa kadhaa hadi wakafukuzwa. Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya barabarani pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Walioiona miili walizungumza juu ya matundu ya risasi. Luwum alizikwa Mucwini, kijijini kwao kaskazini mwa nchi, huku kaburi lililochimbwa Namirembe likibaki wazi.

Kivengere aliporejea Kabale alipata habari kwamba askari wamekuwa wakimtafuta. Marafiki walimsihi aondoke, wakisema kwamba askofu mmoja aliyekufa yatosha. Usiku huo yeye na Mera walisafiri kwa gari hadi barabara ilipokoma, kisha wakapanda milima kwa miguu gizani wakiongozwa na wenyeji, na kulipokucha walikuwa ndani ya Rwanda. Msamaha alioujia baadaye haukumlazimu kujipeleka tena mikononi mwa muuaji, naye hakuwahi kuona aibu kusema kwamba alikimbia.

Uhamishoni ndiko alikokutana na mtihani ambao hakuutarajia. Kila alipowafikiria Luwum na wale waliobaki nyuma, moyo wake ulizidi kuwa mgumu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na watu wote waliomsikiliza walimpa haki hiyo. Lakini aligundua kwamba hasira ile ilikuwa inageuka kuwa uchungu, na uchungu ukaanza kumnyang'anya amani, sala na hata uwezo wa kuhubiri. Alihisi anakauka.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo, Aprili 8, alikuwa London. Aliingia katika Kanisa la All Souls, Langham Place, akaketi kusikiliza tafakari juu ya maneno ya Yesu msalabani. Liliposomwa lile ombi la kuwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, swali lilimjia: kama Idi Amin ndiye angalikuwa ameshika nyundo na misumari siku ile Golgotha, je, Kristo angalimwondoa katika ombi lake? Alilazimika kukubali kwamba asingalimwondoa. Basi kama Mwana wa Mungu hakuweka mpaka, mchungaji wa Kigezi alipata wapi kibali cha kuuweka? Aliungama hapo hapo, akaomba neema ya kumsamehe Rais wa Uganda, akatoka kanisani akiwa mwepesi.

Hapo ndipo lilipotoka jina la kitabu. Kivengere hakumaanisha kwamba anayafurahia matendo ya Amin, wala kwamba Amin ameomba radhi. Hakuomba. Hilo ndilo jambo gumu katika kisa hiki, na askofu hakulikwepa. Upatanisho wahitaji watu wawili, na kwa Amin haukupatikana kamwe. Msamaha aliutoa upande mmoja, kwa sababu aliona kwamba akingoja mpaka aombwe, atakuwa amemkabidhi muuaji ufunguo wa moyo wake. Wakati mmoja aliulizwa angefanya nini kama angeketi chumbani na Amin, na bunduki iwe mkononi mwake yeye Kivengere. Alijibu kwamba angemkabidhi Amin bunduki hiyo na kumwambia kuwa silaha hiyo ni yake. Silaha ya Kivengere ni upendo.

Si kila mkimbizi aliyekubaliana naye, na si lazima kila msomaji akubaliane naye leo. Mama aliyemzika mwanawe ana hesabu zake na Mungu ambazo hakuna askofu awezaye kumfungia. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba Kivengere hakuhubiri kutoka mahali salama: Luwum alikuwa rafiki na kiongozi wake, na waliochinjwa walikuwa kondoo wake. Wala hakukaa kimya. Alizunguka Marekani na Ulaya akieleza yanayotendeka Uganda, huku akichangisha fedha za kuwasomesha vijana wa Uganda waliokuwa ukimbizini.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala Aprili 11, 1979. Mwezi uliofuata Kivengere alirudi Kabale. Alikuta nchi iliyoporwa, hospitali zisizo na dawa, na watu wenye kiu ya kulipiza kisasi. Kila aliyeshukiwa kuwa wa kabila la Amin, au kuwa alifaidika na utawala wake, alikuwa hatarini, na wengi waliuawa katika miaka iliyofuata. Askofu alishughulika na misaada ya chakula na ujenzi mpya, lakini mimbarani aliendelea kukataza kisasi. Alikabiliwa pia na migawanyiko ndani ya uamsho wenyewe, maana ndugu waliofundishana kutembea nuruni walikuwa wamefika mahali pa kutengana makundi kwa makundi, kila moja likijiona safi zaidi. Huenda hilo lilimuumiza kuliko mengi aliyotendewa na serikali. Mwaka wa 1983 aliwapa wanawake daraja la ukasisi, hatua ambayo nayo ilizusha mjadala mkubwa.

Aliishi kuona serikali kadhaa zikipinduliwa na vita vya msituni vikiisha mwaka wa 1986. Kisha akaugua saratani ya damu. Alifariki dunia jijini Nairobi, Mei 18, 1988, akiwa na umri wa miaka 68 hivi, na kuzikwa Kabale.

Idi Amin aliishi uhamishoni Saudi Arabia kwa miaka mingine 15. Alifariki mjini Jeddah Agosti 16, 2003, bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.